Ahadi ya Wakili wa Utetezi

Leo nimeshinda Kisumu kwenye kesi ya mazoezi ya wanafunzi wa sheria, nikiwa mmoja wa wanaotoa alama. Hotuba za ufunguzi nyingi zimeshanitoka. Moja bado ninayo kichwani, ya binti aliyemtetea mshtakiwa wa wizi wa kimabavu.

Upande wa mashtaka ulikuwa umeeleza kwa kirefu: mama muuza samaki, sokoni Kibuye, saa mbili usiku, kisu, pochi. Binti akasimama, akauliza: "Mheshimiwa, taa ilikuwa wapi?" Kisha kimya. Nikamwona kiongozi wa mashtaka akipekua jalada upya. Taa haikuwemo! Shahidi alikuwa huyo mama pekee, na hakuna aliyeandika alimtambua mwizi kwa mwanga gani. Mahakama ya rufaa ilishaonya kuhusu utambuzi wa namna hii katika kesi ya Abdalla bin Wendo mwaka 1953. Binti hata hakuitaja. Swali lake lilitosha.

Halafu akaongeza: "Mshtakiwa mwenyewe ataieleza mahakama kwamba usiku huo alikuwa Dunga."

Hapo roho iliniuma. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya kunyamaza, na mzigo wa kuthibitisha hauhamii kwake hata akidai alikuwa mahali pengine. Lakini hakimu akishaahidiwa, atangoja. Mshtakiwa asiposema neno, ukimya alioruhusiwa na sheria utaanza kufanana na hatia. Akisema, kisha ababaike akihojiwa, kesi nzima itageuka kuwa ya Dunga, na pengo la mashtaka litasahaulika.

Baadaye binti alinijia: "Wakili, ningesemaje?" Nikamwambia sentensi ile aifute tu, asiweke nyingine mahali pake. Aliandika kwenye kiganja.

Mwenzangu tuliyekuwa tukitoa alama naye alikuwa na lake: binti hakutusimulia mshtakiwa ni nani, ana watoto wangapi, anakula nini. Sikubaliani naye kabisa. Kenya hatuna raia wanaokaa kuamua kesi. Anayesikiliza ni hakimu, na habari za watoto zina wakati wake, mtu akishapatikana na hatia akaomba apunguziwe adhabu. Kuzileta kwenye ufunguzi ni kama kukiri mapema. Tumebishana mpaka kwenye maegesho. Mimi nimempa nane kwa kumi, yeye sita.