Siku moja maishani mwangu: dereva wa van ya familia, Nakuru

Saa kumi na nusu alfajiri niko nje ya ploti, Kaptembwa, na ndoo mbili za maji, naosha van kwa mwanga wa simu. Majirani wanaamini kazi yangu ni raha tupu: nazurura mbugani na wageni, naona simba bila kulipa. Simba nimewaona, sikatai. Ila sijawahi kumwona simba akininunulia dizeli.

Saa kumi na moja na nusu nimejaza mafuta na kupima upepo wa magurudumu. Nyuma ya kiti nimeweka mtungi wa lita 20 wa maji ya kunywa, vikombe vya stili, leso kuukuu na kopo la rangi lenye kifuniko. Hilo kopo msilisahau.

Saa kumi na mbili kamili nimesimama nje ya nyumba moja mtaa wa Section 58. Familia imetoka Kakamega, imelala kwa ndugu yao: baba, mama, watoto wanne na nyanya yao ambaye wote wanamwita kukhu. Wiki iliyopita baba alinishusha bei kwa simu hadi nikapunguza shilingi elfu moja mia tano. Ni haki yake. Saa hii niliichagua mimi, kwa sababu geti la mbuga ya Ziwa Nakuru linafunguliwa asubuhi hii hii na simba na chui hutembea kukiwa bado na baridi. Jua likishapanda wanalala vichakani, nawe unalipa pesa zile zile kuangalia pundamilia.

Walitoka saa mbili kasorobo. Watoto wamevaa fulana za mikono mifupi. Nikamwambia mama, "Hapa si Kisumu, nikifungua paa upepo utawapiga." Akarudi ndani kutafuta sweta. Robo saa nyingine.

Sasa geti. Baba akashuka na noti zimekunjwa mkononi, kifua mbele.

"Bosi, hapa pesa taslimu haziingii. Ni eCitizen, ule mtandao wa serikali wa malipo."

"Nilidhani hiyo ni ya wazungu."

Nilikuwa nimemwambia kwenye simu mara mbili na kumwandikia ujumbe: lipa usiku kabla ya safari, ukiwa umekaa kwenye kochi. Hakuwa na akaunti. Akafungua hapo hapo juani, simu ikiwa na chaji ya kuhesabu. Alipomaliza kuingiza namba yake ya kitambulisho, mama akagundua chake kimebaki Section 58. Bei ya raia ni tofauti na ya mgeni, na uraia hauthibitishwi kwa lafudhi ya Kiluhya. Tukageuza gari. Kwenda na kurudi, na mjini tukakuta lori limezima katikati ya barabara. Watoto wakaanza kuuliza kama tumeshafika. Kukhu akawa anaimba polepole, nadhani kwa ajili yangu.

Tuliporudi, swali jipya: "Hata gari linalipiwa? Si hiyo iko ndani ya bei yako?" Nikamwonyesha ujumbe wangu wa Jumanne. Gari hulipiwa kivyake, kulingana na viti. Ndugu yake alitaka waje na magari mawili madogo, nikawakataza, wapande van moja. Hapo nilikuwa nimemwokolea mafuta ya gari la pili na hakujua. Sikusema kitu, nilikuwa nimechoka na hata saa nne haijafika.

Halafu renja akachungulia nyuma akaona katoni ya maji, chupa ndogo 24. Plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga tangu tarehe 5 Juni 2020. Baba akaanza kubishana: watoto wanywe nini, hewa? Renja alikuwa mpole, ila hakusogea. Sauti ikatoka kiti cha nyuma kabisa.

"Wewe, dereva ana mtungi. Nimeuona tangu asubuhi."

Kukhu huyo. Chupa zikagawiwa vijana wa bodaboda pale nje, wakatushukuru kama tumekuja kuomba kura.

Tukaingia saa nne na dakika kumi. Swali la kwanza, kama kawaida: heroe, yaani flamingo, wako wapi? Ziwa limepanda sana tangu miaka ya 2010, likameza hata geti la zamani. Maji yakiwa mengi chumvi inapungua, na mwani wanaokula unapungua nayo, hivyo wengi huhamia Ziwa Bogoria. Ukitaka wale wa kwenye picha, weka mafuta ya Bogoria. Hapa tulipata vifaru weupe, nyati, na twiga wa Rothschild ambao wazee wao waliletwa kutoka Soy, upande wa Eldoret, miaka ya 1970. Mama alifurahi kusikia Soy. "Kumbe ni majirani zetu."

Ni mbele ya hao vifaru, mmoja karibu kiasi cha kumsikia aking'oa nyasi, ndipo mtoto wa mwisho aliposema anataka kukojoa. Kushuka hairuhusiwi, na hata ingeruhusiwa mimi singeshuka. Baba akaniangalia mimi. Nikatoa kopo. Kukhu akashika leso kama pazia, mtoto akasimama katikati ya viti, kimya kikaingia garini, na ile sauti ya mkojo kwenye bati ikamfanya kifaru ainue kichwa. Sikio moja likageuka. Sikuwasha injini, sikupumua. Akarudi kwenye nyasi zake. Mama alicheka hadi akatoa machozi.

Chapati na kuku walikuwa wamebeba kutoka nyumbani, na hapo nawapongeza, kwa sababu kulisha watu saba kwenye hoteli za ndani ya mbuga si mchezo. Ila nilisema tule tukiwa ndani, vioo juu. Pale Baboon Cliff baba akaacha mlango wazi apige picha ya ziwa. Nyani dume hakukimbia hata. Aliingia kama mwenye nyumba, akabeba sufuria ya chapati kwa mkono mmoja, akaketi hatua tano kutoka kwetu akila huku akituangalia usoni. Kuku alipona kwa sababu kukhu alikuwa amemkalia.

Baada ya hapo sikuangalia saa. Joto, vumbi, mtoto mmoja akatapika kwenye mashimo ya kuelekea maporomoko ya Makalia, wengine wakalala midomo wazi. Nilipita simba wawili chini ya mgunga na sikumwamsha mtu ila kukhu. Aliwatazama muda mrefu, akasema, "Wacha wapumzike."

Giza lilikuwa linaingia nilipowashusha. Baba alilipa yote kwa M-Pesa, kisha akatuma mia tano juu yake bila neno.

Nimempelekea mwenye gari hesabu yake, nimefagia makombo, nimeosha kopo na kuliweka lilipokuwa. Chini ya kiti cha tatu nimekuta kiatu kimoja cha bluu, cha mguu wa kushoto. Kiko kwenye dashibodi. Kesho nitapita Section 58 kabla hawajaondoka.