Uvundo ulikuwa wa mashine, kosa likawa langu

Niliugundua kwenye taulo. Ilikuwa imekauka vizuri, imekunjwa kabatini, haina hata doa. Nikatoka kuoga, nikajifuta uso, na palepale uvundo ukanipanda puani kama wa tambara la kupigia deki lililosahaulika kwenye ndoo. Nikairudisha kwenye mashine ya kufulia. Safari hii nikazidisha sabuni, nikamimina na dawa ya kulainisha nguo yenye harufu ya maua, kifuniko kimoja na nusu. Ikatoka inanukia. Kesho yake maji yalipoigusa tu, uvundo uleule ukarudi, sasa umejipaka manukato.

Mashine yenyewe haikuwa ya zamani; ilikuwa na mwaka na miezi kadhaa. Ni ile ya mlango wa mbele, wa kioo, ya kilo 7. Nilishaanza kumwambia kila aliyeniuliza kwamba nimeuziwa kimeo.

Kusema kweli, mimi na mashine hii tulianza vibaya tangu siku ya kwanza. Kijitabu cha maelekezo kilikuja ndani ya pipa linalozungusha nguo, kwenye mfuko wa plastiki, nami nikakitupia kabatini bila kukifungua. Kufua ni kufua, kuna nini cha kusoma? Nikaunga mpira wa maji bombani, nikachomeka plagi, nikatia nguo. Kufua ikafua kimyakimya. Ilipofika kwenye kukamua ikanguruma, ikatikisika, kisha ikaanza kutembea. Sitanii. Iliondoka ukutani, ikajongea karibu hatua nzima mpaka waya wa umeme ukakaza, na mimi nimeikumbatia kwa mikono miwili kama mtu anayemzuia ng'ombe asikate kamba.

Kumbe nyuma kulikuwa na boliti nne ndefu za usafiri. Ndani ya bodi, pipa linaning'inia kwenye springi na kuegemea shokomzoba, mfano wa gari, na limefungiwa bonge zito ili lisirukeruke. Njiani likiachwa huru litajigonga na kuvunja vitu, kwa hiyo kiwandani hulikaza kwa boliti. Usipozitoa, shokomzoba zinakosa kazi na mtikisiko wote unaingia kwenye bodi, wakati pipa la mashine kama yangu likikamua linazunguka zaidi ya mara 1,000 kwa dakika. Nikazifungua kwa spana, nikaziba matundu kwa vizibo vya plastiki vilivyokuwa kwenye mfuko wa kile kijitabu, na boliti nimezitunza kwenye kopo. Siku ya kuhama zitarudi mahali pake.

Hata hivyo iliendelea kuchezacheza kidogo. Safari hii ilikuwa miguu. Nikibonyeza kona moja, kona ya mshazari inanyanyuka, kama meza yenye mguu mfupi. Nikalala sakafuni, nikazungusha mguu mmoja mpaka mchezo ukaisha, halafu nikaipandisha nati yake na kuikaza ikabana kwenye bodi. Nati hiyo ndiyo inayosahaulika. Isipokazwa, mguu unajizungusha wenyewe taratibu kwa mtetemo, na baada ya muda umerudi ulipokuwa.

Basi, turudi kwenye uvundo. Fundi alikuja na mkoba wa vifaa, na mkoba hakuufungua. Aliitazama mashine, akavuta hewa puani, akaniuliza:

"Dada, ukimaliza kufua unafunga mlango?"

"Nafunga. Vumbi lisiingie."

Hakunijibu. Akachuchumaa, akaingiza kidole kwenye mpira wa mlango, ule wa kijivu unaozunguka mdomo wa pipa, akaukunjua upande wa chini. Mimi nilikuwa naufuta mara kwa mara, ila upande unaoonekana. Ndani ya mkunjo kulikuwa na maji meusi kama vijiko viwili, yenye utelezi mzito. Nywele zimejisokota na nyuzi za nguo. Pini ya nywele imeanza kushika kutu. Na soksi moja ya mtoto, ile tuliyoitafuta mpaka tukachoka na kuitupa mwenzake. Fundi akapitisha tambara jeupe kwenye mkunjo, akanionyesha. Sikuwa na la kusema.

"Sabuni unapima na nini?"

"Kwa macho."

Akacheka. "Haya, lete taulo safi. Zile za kabatini."

Akaziingiza nne, akaweka joto la nyuzi 40, akabonyeza kitufe bila kutia hata chembe ya sabuni. Tukakaa kuangalia kioo kama watu wanaoangalia mpira. Dakika za mwanzo ni maji tu. Halafu pembeni ya kioo ukatokea utepe mweupe, ukapanda, ukaongezeka, na baada ya kama robo saa povu lilikuwa limefika nusu ya kioo.

"Sabuni ya nani hiyo?" akauliza. "Leo hatujatia."

Ilikuwa ya miezi yote iliyopita. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo kila mtu aliyezoea beseni hulikosea. Kwenye beseni, povu jingi ndilo linalokuhakikishia kwamba nguo zinatakata. Ndani ya mashine ya mlango wa mbele ni kinyume chake. Maji yake ni machache, yanafika chini ya kioo tu, na nguo zinatakata kwa kunyanyuliwa na pipa kisha kuanguka, pwa, pwa, pwa, mithili ya mtu anayepiga nguo kwenye jiwe. Povu likijaa, nguo zinaangukia godoro. Kipigo hakipo. Na kwa kuwa maji ya kusuuza nayo ni machache, sabuni iliyozidi haiishi. Inabaki kwenye nyuzi za taulo na inaganda kwenye mgongo wa pipa, mahali ambapo jicho lako halitafika mpaka mashine ifumuliwe.

Mimi juu ya hapo nilikuwa nafua kila kitu kwa nyuzi 30, ili kuokoa umeme. Sabuni iliyoganda, joto la uvuguvugu, mlango umefungwa, unyevu hauna pa kutokea: kuvu na bakteria nilikuwa nawafuga, na kila nikifua nawaongezea chakula. Dawa ya kulainisha nayo ilikuwa inazidisha. Ulaini wake unatokana na kuzipaka nyuzi utando wa mafuta, na taulo yenye utando huo hainyonyi maji. Nilidhani taulo zangu zimezeeka.

Kazi ya kuisafisha ilinichukua siku nzima ya mapumziko. Mpira niliufuta mkunjo kwa mkunjo, kwa kitambaa chenye sabuni kidogo na mswaki wa zamani. Droo ya sabuni ukiivuta mpaka mwisho kuna kidude cha kubonyeza katikati, inatoka yote. Chini yake nilikuta tope la sabuni limegeuka kuvu jeusi, na darini kwenye tundu la droo, pale maji yanapomwagikia, vilevile. Kisha nikaiendesha tupu kwa nyuzi 90, na sabuni ya unga ile ya nguo nyeupe. Sabuni ya unga kwa kawaida ina dawa ya kung'arisha yenye oksijeni ambayo ile ya maji huwa haina, na ndiyo inayoua harufu. Maji yaliyokuwa yakizunguka kiooni yalikuwa ya kijivu, na vipande vyembamba vinaelea kama ngozi ya maziwa. Nikarudia. Mara ya tatu maji yakawa maji.

Onyo moja la fundi nililichukulia kwa uzito, nawe lichukulie hivyohivyo: siki na dawa ya madoa yenye klorini visikutane, si kwenye droo, si ndani ya pipa, hata moja ikifuata nyingine bila kusuuza. Zinatoa gesi ya sumu. Mimi niliamua sabuni ya unga na joto vinanitosha.

Taulo nazo nilizirudisha bila sabuni, kwa nyuzi 60, nikasuuza mara mbilimbili mpaka kioo kikabaki wazi. Ilichukua mizunguko mitatu. Taulo ya kwanza kukauka niliilowesha kwa makusudi, nikaikandamiza puani nikiwa nimesimama sebuleni. Watu wa nyumbani wakanitazama. Haikunuka kitu.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo nikawa mtaalamu. Miezi michache baadaye mashine iligoma katikati ya mzunguko, nguo zinaelea, mlango umejifunga, na kwenye kioo kidogo inawaka alama ya hitilafu. Safari hii nilikisoma kijitabu. Kikasema pampu haitoi maji, safisha filta, mlango mdogo chini upande wa kulia. Nikafurahi sana kuona jambo dogo hivyo. Nikachomoa plagi, nikafungua kile kimlango, nikakizungusha kizibo.

Kama mashine imegoma kutoa maji, maji yote yako ndani. Yote yakapita kwenye lile tundu, yakanilowesha magoti, yakaenda chini ya kabati na kutokea upande wa pili. Aya iliyofuata kwenye kijitabu, ambayo sikuifikia, inasema pembeni ya kizibo kuna kimpira chembamba chenye kifuniko. Kivute, kielekeze kwenye bakuli, toa maji kidogokidogo, ziba, mwaga, rudia. Na kama ulikuwa unafua kwa maji ya moto, subiri yapoe kwanza.

Ndani ya filta: sarafu mbili, kifungo, kitita cha nyuzi na nywele kigumu kama kizibo cha chupa, na waya uliopinda wa sidiria. Huo waya ulinitisha kuliko vyote. Matundu ya pipa ni madogo lakini waya unapita, na ukikwama kati ya pipa la ndani na la nje unaweza kutoboa. Siku hizi sidiria zinaingia kwenye mfuko wa wavu wenye zipu, na mifuko ya suruali naikagua mimi mwenyewe, maana nimeshaambiwa "nimeangalia" mara nyingi na kisha nikakuta leso la karatasi limesambaa kwenye nguo nyeusi kama theluji. Kabla ya kurudisha kizibo nilichungulia na tochi, nikasukuma kipanga cha pampu, kile kinachosukuma maji, kwa ncha ya kijiti kuona kama kinazunguka. Kilizunguka kwa kurukaruka, na kwa pampu za aina hii ndivyo ilivyo, sumaku yake inakishikashika. Filta sasa naifungua kila baada ya mwezi au miwili.

Kuhusu ujazo, kilo 7 za kijitabu sijawahi kuzipima. Natumia mkono: nguo zikishaingia, kiganja changu kikisimama kipite juu yake bila kusukuma. Kisipopita napunguza, kwa sababu nguo zisizo na nafasi ya kuanguka hazifuliki, zinaloweshwa tu. Lakini kitu kimoja kizito peke yake ni kibaya vilevile. Blanketi moja likinywa maji linajikusanya upande mmoja, mashine inajaribu kulitawanya, inasimama, inajaribu tena, mwisho inakata tamaa na kukupa blanketi linalochuruzika. Nilidhani imeharibika. Niliongeza taulo mbili upande wa pili, ikakamua bila neno.

Sabuni napima kwa kikombe chake, kwa kufuata jedwali la nyuma ya pakiti, na nguo zisipokuwa chafu sana napunguza zaidi ya hapo. Nguo za rangi na nyeusi nyuzi 30 au 40, taulo na mashuka 60. Mara moja kwa mwezi inazunguka tupu kwa maji ya moto. Bomba la maji nalifunga nikimaliza, kwa sababu mpira wa maji ukipasuka nikiwa sipo hakuna atakayeuona. Na pale mpira unapoingia mashineni, nyuma, kuna kichujio kidogo cha wavu. Siku mashine itakapoanza kuchukua muda mrefu kujaa maji, hapo ndipo pa kuangalia kwanza. Changu kilikuwa na mchanga wa kutosha kujaza kijiko cha chai.

Shida iliyobaki ni mlango. Nauacha wazi upenyo wa vidole vitatu, mpira na pipa vipate hewa. Kwenye nyumba yenye mtoto mdogo au paka nisingeuacha hivi bila mtu kuangalia, maana wanapenda kuingia. Kwangu tatizo ni watu wazima. Kila anayepita anauona mlango uko wazi na kuusukuma kwa goti, kwa nia njema kabisa. Nimejaribu kueleza, nimejaribu kubandika karatasi. Sasa nimebana kibanio cha nguo kwenye ukingo wa bodi ili mlango usifike mwisho. Kinafanya kazi, isipokuwa kimeshapotea mara mbili, na mara zote mbili nimekikuta palepale, chini, ndani ya mkunjo wa mpira.