Mafuta ya nazi yaliyonichanganya

Nakamua mafuta ya nazi hapa Tanga: chupa moja ya kupikia, nyingine ya nywele, jina ni lilelile. Fomu ya alama ya biashara iliponitaka nitaje daraja, yaani kundi la bidhaa, nilijaza la 29 nikaona nimemaliza. Bahati nzuri, kabla sijaituma nikapitia orodha neno kwa neno. Kumbe kwa upande wa mafuta, 29 ni ya kula tu! Ya nywele yako daraja la 3, pamoja na sabuni na vipodozi. Mfumo wa Nice, yaani mpangilio wa kimataifa wa bidhaa na huduma kwa ajili ya alama za biashara, una madaraja 45: 1 hadi 34 ni bidhaa, yaliyobaki huduma. Kinachoangaliwa ni matumizi, hata kama kilichomo chupani ni kimoja. Nikaomba yote mawili, kila daraja na ada yake. Nikianza kuuza viungo, nitaongeza la 30.