Vifungo vya sweta

Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea, na kwake mtoto wa miaka mitatu huvalishwa, basi. Binti yangu akaketi sakafuni na sweta yake. Niliichagua kwa ajili ya vifungo: vikubwa, na matundu yaliyolegea kidogo, maana hapo ndipo vidole vidogo huanzia. Maria Montessori, yule daktari wa Kiitaliano aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, aliwatengenezea fremu za vitambaa vyenye vifungo, wajizoeze kwa utulivu. Sisi tulitumia shati langu kuukuu, tukilitandaza mezani jioni. Mimi napenyeza kifungo nusu, yeye anakivuta hadi kipite. Mtoto akiachiwa hatua ya mwisho anaonja raha ya kumaliza. Hatua za mwanzo atazidai mwenyewe.

Asubuhi hiyo alizidai zote.

"Mwanangu, mfungie huyo mtoto, mtachelewa."

"Mwache kidogo, mama."

Kidole gumba cha kushoto kilipanua tundu. Mkono wa kulia ukakiinamisha kifungo kiingie kwa ubavu. Kikaingia nusu, kikachomoka. Akaguna, akatoa ulimi pembeni mwa mdomo, akajaribu tena. Mimi nilikuwa nimevikalia viganja vyangu, kwani huwa vinajiendea tu. Kifungo kikapita. Tatizo ni kwamba alikuwa ameanzia katikati, kwa hiyo alipofika mwisho upande mmoja wa sweta ulining'inia, na shingoni kulibaki tundu lisilo na mwenzake.

"Amepishanisha," mama akasema, mkono tayari umenyooka. Mtoto akarudi nyuma. Nikamsihi mama asiguse. Sweta iliyokwenda upande haimdhuru mtu, na kumfungulia palepale kungemaanisha kazi yake yote si kitu. Kuanzia chini, ambako pindo mbili hulinganishwa kwa urahisi, ningemwonyesha jioni.

Mama hakukubali. Tulibishana hadi mlangoni, yeye akisema haya mambo ya kumsubiri mtoto ni ya wazazi wasio na haraka. Ana hoja, tena nzito. Ndiyo maana viatu nilimvalisha mimi: muda ulikuwa umekwisha, na sioni kwa nini mtoto ashinde kila kitu kwa asubuhi moja. Yeye aliona. Alilia hadi nje, akaketi chini, akavivua vyote viwili na kuvivaa upya, cha kulia mguu wa kushoto.