Nywila ya Afande

Aprili 2018 nilipanda taksi Kampala kwenda Bombo, mji wa jeshi, laptopu nimeiviringisha kwenye nailoni kwa sababu ya mvua. Chama kimoja cha akiba na mikopo cha wanajeshi wastaafu kilikuwa kimeniita. Mkopo wa mtu ulikuwa umeandikwa umelipwa saa tano usiku, ofisi imefungwa, na mwenyewe hajalipa hata shilingi. Akaunti iliyotumika ilikuwa ya Hajati, mhasibu, ambaye usiku ule alikuwa matangani mbele ya nusu ya mtaa.

Sikuchunguza sana. Nywila ya Hajati ilikuwa "hajati". Ya karani wa pili, "bombo2015". Afande mwenyekiti alitumia namba yake ya jeshi, ileile iliyokuwa kwenye cheti kilichotundikwa ukutani nyuma ya kiti chake.

Seva yenyewe ilikuwa kompyuta ya kawaida chini ya meza ya Hajati, ikiendesha MySQL 5.7, programu ya kutunza hifadhidata, na programu yao ya zamani ilimpa kila karani akaunti ndani ya hifadhidata. Kwa hiyo nilijua dawa: validate_password, programu-jalizi (kipande cha kuongezea) ya kukagua nywila, iliyokuja na MySQL hiyo. Amri moja ya INSTALL PLUGIN ikatosha. Kwa kawaida yake inadai herufi 8 au zaidi, na ndani yake kubwa moja, ndogo moja, tarakimu moja na alama moja.

Nikatangaza kazi imekwisha. Afande akaketi, akaandika namba yake ya jeshi, mfumo ukamfungulia.

"Kijana, mlinzi wako amelala."

Niliona haya. Kitu kile hukagua nywila wakati inapowekwa tu; za zamani zimekwisha kusagwa kuwa heshi, maandishi yasiyorudishika kuwa nywila, haiwezi kuzisoma. Ikabidi niwaite mmoja mmoja wabadilishe mbele yangu. Hajati akaandika "hajati", akapigwa na kosa 1819, yaani nywila haikidhi masharti. Akafikiri kidogo, akaandika "Hajati1!". Ikapita.

"Si umesema inataka alama, mwanangu?"

Alikuwa amehesabu sawasawa: herufi nane kamili, masharti yote yametimia. Nikapandisha kiwango hadi STRONG, kinacholinganisha nywila na faili la maneno yaliyokatazwa, neno moja kila mstari, kuanzia herufi nne. Maorodha ya Kiingereza yasingetusaidia Bombo. Chai ikaletwa, tukaanza kukusanya yetu: hajati, afande, bombo, mungu, matoke, rolex (ya chapati na mayai, si ya mkononi), majina ya wake na watoto. Karani mmoja akataja jina ambalo si la mkewe, ofisi nzima ikanyamaza. Nikaliandika. Sijapata kufanya kazi ya kompyuta yenye kicheko kama ile.

Afande alikataliwa mara sita. "Komputa inanipa mimi amri?" Kisha akatuamuru sote tugeukie ukuta, na tukageuka, Hajati naye. Tulisikia vitufe vikigongwa kwa kidole kimoja, polepole. Ikakubali. Alichoandika hakutuambia.

Mimi nami nilibadilisha nywila ya akaunti inayotoa nakala rudufu kila usiku, nikaipamba kwa alama ya # katikati, nikaiandika kwenye faili la mipangilio, nikaondoka nikijiona fundi.

Siku ya tano Hajati akapiga simu. Faili za nakala zipo zote, kasema, lakini kila moja ina ukubwa wa sifuri. Nilijua kabla hajamaliza. Katika faili lile, # huanzisha maelezo ya pembeni. MySQL ilisoma nusu ya nywila na kuitupa iliyobaki, ikakataliwa kuingia, ikaacha faili tupu. Dawa ni kuizungushia alama za nukuu. Njia ya kuingia kutoka mbali sikuwa nayo, nilikataa mwenyewe kuiacha wazi.

Nikapanda taksi tena, mvua ileile, nauli ya kwenda na kurudi, kwa ajili ya alama mbili za nukuu.