Diski ya almasi si moja jamani

Juzi niko Kisauni nakata taili za poseleni, kwa haraka nikafunga kwa grenda ile diski ya mapengo, pembeni zikamegeka zote wallahi, taili tatu zimekwenda. Taili zataka diski ya ukingo mzima na maji, hiyo ya mapengo ni ya zege. Halafu kuna hili mafundi wengi hawalijui, jiwe gumu kama graniti lataka diski yenye chuma laini, yaani kile chuma kinachoshika punje za almasi, kiishe upesi almasi mpya zitokeze, lakini haya mawe yetu ya matumbawe yanakula chuma kama msasa, hapo tafuta chuma kigumu. Diski ikitoa cheche tu haikati usiitupe bana, ipitishe kwa bloki laini ya simiti mara kadhaa, itashika tena.