Dakika kumi za Dundee

Madaktari tarajali wanaonitafuta kutoka Dar, Mwanza na kwetu Tanga huuliza yaleyale: mtihani upi, hela kiasi gani, baridi ikoje. Hakuna anayeuliza kazi yenyewe ikoje. Nitayajibu hayo matatu, ila haraka haraka, kwa sababu ninachotaka kuandika leo ni hicho kisichoulizwa: daktari wa familia huku Uingereza anafanya nini kutwa nzima.

Njia kwanza. Nilisoma Muhimbili, utarajali nikafanya hospitali ya Bombo, Tanga, kisha nikaungana na wenzangu kusubiri mkeka wa ajira za serikali huku nikishika zamu kwenye hospitali moja binafsi ambayo mshahara wake ulikuwa unakuja ukijisikia. PLAB, mtihani wa Uingereza kwa madaktari waliosoma nje, ina sehemu mbili. Ya kwanza niliifanyia Nairobi, maswali 180 kwa saa tatu. Ya pili inafanyika Manchester tu: unapita vituo 16, dakika nane kila kimoja, na ndani kuna mwigizaji anayejifanya mgonjwa. Ada yake ni kama pauni 1,000, na hapo hujagusa viza wala nauli. Kiingereza unapimwa kwa IELTS au OET. Ukishasajiliwa na GMC, baraza la madaktari la huku, ndipo unaomba mafunzo ya GP, yaani huyo daktari wa familia, miaka mitatu, kipande hospitalini na kipande kwenye kliniki, na mitihani imo humohumo. Mmoja wao, SCA, unaufanya kwa kompyuta ukiwa kwenye kliniki yako: wagonjwa 12, dakika 12 kwa kila mmoja.

Siku hizi njia imebana, na asikudanganye mtu mwenye kamera na taa ya duara. Mwaka 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kuwa waliosoma udaktari hukohuko ndio watakaopewa kipaumbele kwenye nafasi za mafunzo. Halafu kliniki nyingi za GP ni ubia wa madaktari wachache, si tawi la hospitali kubwa, na nyingi hazina leseni ya kudhamini viza. Kwa hiyo mtu anaweza kumaliza mafunzo yake vizuri kabisa halafu akaanza kuhangaikia pa kujishikiza. Usiuze kiwanja cha urithi kabla hujalipigia hesabu hilo.

Leseni ya udereva nayo isikupite. GP huwafuata wagonjwa majumbani, na leseni ya Tanzania inakubeba miezi 12 tu, baada ya hapo ni mtihani upya. Wao wanaendesha kushoto kama sisi, lakini uzoefu wangu wote wa kukwepa bodaboda haukuhesabiwa popote. Na kuna kitu kinaitwa tafakari: katika mafunzo unatakiwa uandike kila mara ulijisikiaje baada ya kumwona mgonjwa fulani na umejifunza nini juu ya nafsi yako. Mimi nimelelewa na madaktari bingwa waliokuwa wakiuliza potasiamu ni ngapi. Ilinichukua muda.

Baridi: nunua koti hukuhuku, usinunue Kariakoo. Giza ndilo baya zaidi. Desemba hapa Dundee, Uskoti, jua linazama saa tisa na nusu alasiri, unaingia kazini gizani na kutoka gizani. Ngozi zetu hizi zinahitaji vitamini D, nami ninayewaandikia wengine nameza yangu kila asubuhi pamoja na chai.

Sasa kazi.

Kila mgonjwa ana dakika kumi. Ndani ya hizo dakika aingie, akae, avue koti, aeleze, nimpime, tukubaliane, niandike, atoke. Katikati ya wagonjwa kuna majibu ya damu ya kusaini, barua za hospitali za kusoma, simu ya mfamasia anayeuliza kwa nini nimebadilisha dozi. Mchana natoka kwenda majumbani. Wenzangu wanaodhani GP ni daktari wa mafua anayekunywa kahawa waje wakae kwenye kiti changu Jumatatu moja.

Lakini wingi wa watu haukunisumbua. Foleni naijua. Kilichonisumbua ni kumwacha mtu aondoke mikono mitupu. Tanga mgonjwa wa homa anapimwa malaria, anapimwa mkojo, anapimwa Widal ya taifodi hata pasipo sababu, na akitoka anatoka na kifuko cha dawa; akikosa kifuko, mtaani atasema yule daktari hajui. Nilizoea hivyo, na mkono wangu ulikuwa unakwenda kwenye antibaiotiki wenyewe. Hapa analetwa mtoto wa miaka mitatu, anakohoa siku ya nne, homa kidogo, mapafu safi, na ananing'ang'ania stetoskopu aifanye mchezo. Hana haja ya dawa. Ninachompa mama yake ni maneno, na maneno hayo yana utaratibu wake: akikataa kunywa kabisa, mbavu zikianza kuingia ndani anapopumua, akilegea na kukosa kuitikia, usisubiri kesho. Namwambia pia kikohozi kinaweza kufika wiki tatu, ili asidhani nimemdanganya wiki ya pili. Yote naandika kwenye faili.

Inaonekana rahisi. Kwangu ilikuwa ngumu kuliko mtihani wa Manchester. Hospitali inakufundisha kutafuta ugonjwa mpaka uupate. Ukishindwa unaita mwenye ujuzi zaidi. GP anakaa na watu ambao wengi wao ugonjwa haujajitokeza bado, au hautajitokeza kamwe, na katikati yao yumo mmoja mwenye saratani anayelalamika uchovu tu. Huwezi kuwapeleka wote kwenye picha ya CT. Lazima uchague nani umsubiri na nani umkimbize, kisha uende nyumbani ukalale. Baadhi ya usiku silali.

Hapa niseme kwamba wagonjwa ninaowataja nimewachanganya na kuwageuza, asije mtu akajitambua.

Kuna baba mmoja, fundi, alikuja kuomba ED, cheti cha kupumzika kazi, kwa sababu ya mgongo. Sheria ya hapa ni kwamba siku saba za kwanza mfanyakazi anajithibitishia mwenyewe kuwa anaumwa. Zikizidi ndipo anahitaji cheti. Nikampima: anainama anafika chini, miguu ina nguvu, hakuna ganzi. Nikamuuliza mgongo ulianza lini. Akasema ulianza pale mwanawe alipoanza kumwibia vifaa vya kazi. Dakika ya saba hiyo. Mwanawe yuko kwenye heroini. Uskoti, ukilinganisha na idadi ya watu wake, inaongoza Ulaya kwa vifo vya dawa za kulevya, na Dundee imeumia sana. Methadoni, dawa wanayopewa badala ya heroini, hapa ni maji ya kijani. Watu wengi huinywea dukani mbele ya mfamasia, kila siku, kwenye kikombe kidogo cha plastiki.

Aliniuliza kama methadoni inasaidia kweli au ni kubadilisha jina la sumu. Nilimjibu kwa kile nilichokiona Muhimbili, ambako kliniki ya methadoni imekuwepo tangu 2011: vijana ambao mtaani tuliwaita mateja, wamesimama foleni asubuhi wamenyoa, mmoja amevaa sare ya ulinzi anawahi lindo. Sikumwahidi kitu juu ya mwanawe. Yule baba akaniangalia kama mtu aliyegundua kwamba ametoka kwenye kundi la watu wenye aibu na kuingia kwenye kundi kubwa zaidi. ED nilimwandikia, na sikuandika mgongo.

Nilichelewa dakika 25 siku hiyo, na mapokezi hawakunisemesha mpaka saa ya chai.

Mwingine ni bibi wa miaka themanini na kitu. Dundee ulikuwa mji wa viwanda vya juti, nyuzi za magunia, mashine zilikuwa zinapiga kelele mno, na wanawake waliofanya kazi mle wengi walitoka masikio yamekufa. Huyu bibi alijifunza kusoma midomo kiwandani akiwa msichana, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kupiga soga. Nilikuwa na wasiwasi: lafudhi yangu ya Tanga, uzee wake, itakuwaje? Akanituliza. Akasema ananipata vizuri kuliko yule daktari kijana wa hapohapo, kwa sababu mimi nafungua mdomo na yule anamumunya. Nikamwambia babu yangu alikata mkonge Muheza. Akataka kujua kama walilipwa kwa siku au kwa mafungu, swali ambalo wajukuu wa babu hatukuwahi kuliuliza. Tukarudi kwenye sukari yake, ambayo haikuwa nzuri.

Wapo nyumbani wanaoniambia nimekimbia. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2023, ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na kwa ajili hiyo Uingereza inawakataza waajiri wake kuja kutuvuta. Anayeomba mwenyewe hazuiwi. Naiona orodha ina haki. Ila daktari aliyekaa sebuleni kwa shemeji akisubiri mkeka hayuko wodini, awe Tanzania au asiwe. Upungufu na ukosefu wa ajira vinaishi nyumba moja kwetu, na sielewi kwa nini lawama zinamwangukia aliyepanda ndege.

Kinachoniuma ni kingine. Kazi hii ya kumjua mtu, mama yake na chumba anacholala, kule kwetu inafanywa na tabibu wa zahanati, mara nyingi peke yake, na hakuna anayemwita bingwa wa kitu. Udaktari wa familia unafundishwa: Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret, Kenya, walianza 2005, Aga Khan wanao. Lakini mwambie mzazi wa Tanzania kwamba mwanawe, baada ya miaka yote ile, anataka kubobea kwenye familia. Atauliza, familia ya nani?

Mama yangu aliuliza hivyohivyo. Sasa ameshazoea, na Jumamosi ananipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Presha imeshuka, nimeipumzisha dawa."

Wiki hiyohiyo mstaafu mmoja wa Dundee alikuwa ameniambia neno kwa neno jambo hilo, na kwake nilikuwa na la kufanya: kipimo cha kwenda nacho nyumbani, kijitabu cha kuandika namba asubuhi na jioni, simu ya muuguzi baada ya wiki mbili. Mama nimembebesha kipimo kwa mtu aliyekuwa anakwenda Tanga, na mdogo wangu kapewa kazi ya kusoma namba. Nimemweleza mama habari za mstaafu yule, na kwamba presha imeshuka kwa sababu anameza, akiacha itapanda tena, hata kama kichwa hakiumi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote.

"Haya daktari," akasema. "Na huyo mwenzangu wa huko, yeye alikubali?"

Nikamwambia bado.

"Basi."